Uzito wa Mguuni

Mabuti ya mlimani yanayouzwa Kampala yalishonwa kwa kuogopa baridi ya watu wengine. Ingia vichochoro vya viatu pale Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, jirani na uwanja wa Nakivubo, uyaone. Mengine yamepangwa juu ya maturubai, mengine yananing'inia kwa kamba zake: ngozi nene, shingo ndefu, bitana ya manyoya, soli isiyokubali kupinda. Aliyeyanunua mara ya kwanza alitaka kukanyagia theluji. Yakakaa kabatini miaka, yakatolewa, yakafungwa kwenye robota la mitumba, yakavuka bahari na kupanda na lori hadi huku kwetu, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na karibu kabisa na ikweta. Hapa yanamngoja mtu anayekwenda kutembea kwenye udongo mwekundu, kwenye majani yenye umande asubuhi na jua kali saa sita mchana.

Mtu huyo naye, mara nyingi, huchagua kwa hofu. Anashika buti, analipima kwa mkono, analiona limeshiba, anaamini kwamba kilicho kizito ndicho kitakachomlinda. Muuzaji anamsaidia kuamini. "Bosi, hii ni ya jeshi, hii huimalizi. Shika mwenyewe, ndugu yangu. Haiingizi maji hii." Maneno hayo nimeyasikia kwa Kiganda na kwa Kiswahili cha wachuuzi waliotoka upande wa Kongo, na kila mara natamani kumvuta mnunuzi pembeni kabla hajatoa pesa. Kwa nchi ya joto na mvua kama hii, buti jepesi ndilo la kuanza nalo. Buti zito ndilo linalopaswa kujitetea.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1969 watafiti wawili wa jeshi la Marekani, Soule na Goldman, walipima nguvu anazotumia mtu akibeba mzigo kichwani, mikononi na miguuni. Kila kilo ya mzigo waliilinganisha na kilo ya mwili wa mtu mwenyewe. Kilo ya kichwani iligharimu mara 1.2 tu. Kilo ya mguuni iligharimu zaidi ya mara nne kwa mwendo wa taratibu, na mwendo ulipoongezwa ikapita mara sita. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Kichwa husonga mbele bila kutikisika sana, lakini mguu unainuliwa, unarushwa mbele, unasimamishwa, unainuliwa tena, hatua kwa hatua, siku nzima. Chukua jozi mbili, moja ya kilo 1.6 na nyingine ya gramu 900. Tofauti yake ni gramu 350 kwa kila mguu, kitu ambacho mkono sokoni hauoni kuwa ni kitu. Mwendo wa kilomita 15 ni hatua kama 20,000. Zidisha: kuanzia asubuhi hadi jioni umeinua tani saba za ziada, na ndani ya tani hizo hamna maji ya kunywa, hamna chakula, hamna hema.

Nusu ya hesabu hii imejulikana Afrika Mashariki kwa vizazi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake kuhusu wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba mzigo juu ya kichwa na Wakikuyu wanaoubeba mgongoni kwa mkanda uliopita kichwani. Walionekana kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Mwanamke wa kilo 60 na ndoo yake ya kilo 12, basi, anatembea akitumia pumzi ileile ya jirani yake asiyebeba kitu. Mvike mabuti ya kilo mbili na hali itabadilika. Mama zetu walipeleka mzigo juu, mahali ambapo mwili unaupokea kwa urahisi, na miguu wakaiacha iwe mitupu au kwenye ndara. Umaskini ulikuwa sehemu ya habari hiyo, sikatai, na nitaurudia. Lakini ujuzi pia ulikuwamo.

Uwindaji wa nchi hii una mtu aliyeacha hesabu yake ya viatu. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 hadi akaitwa "Karamojo" Bell, alikadiria kwamba kwa kila tembo dume aliyemuua alikuwa ametembea maili 73, yaani kilomita 117 hivi. Kwa mwaka alimaliza jozi 24 za mabuti. Jozi moja kila wiki mbili! Wawindaji wa wakati wake walipenda bunduki nzito zenye risasi kubwa. Yeye alijulikana kwa bunduki nyepesi ya milimita 7, kwa kuwa alijua kazi yake halisi ilikuwa kutembea na kwamba kupiga risasi kulikuja mwisho wa mwendo. Alichokwenda kukifanya kinaniumiza: maishani mwake aliua tembo zaidi ya elfu moja, na Karamoja ya leo inawakumbuka tembo hao kwa kuwakosa. Na nikizisoma jozi zile 24 nawafikiria waliomfuata nyuma. Walitembea kilomita zilezile na pembe begani, na soli ya wengi wao ilikuwa ngozi waliyozaliwa nayo. Hata askari wa King's African Rifles, vijana wa Uganda wakiwamo, waliivuka sehemu kubwa ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakiwa pekupeku.

Kutoka kwa Bell nachukua jambo moja, kwamba mwendo hula viatu, vyovyote viwavyo. Anayechagua buti jepesi akubali kwamba litakufa mapema kuliko lile zito la ngozi nene. Hasara hiyo ni ya kweli na sitaificha. Lakini ile dhana kwamba buti zito la mtumba ni la milele nayo haina msingi.

Soli ya kati ya mabuti mengi ya mlimani, lile tabaka lililo baina ya mpira wa chini na mguu, ni povu la poliuretani. Povu hilo hushambuliwa na unyevu wa hewa polepole, hata kama kiatu hakivaliwi, na joto huongeza kasi. Baada ya miaka kama kumi ya kukaa, ngozi ya juu inaweza kung'aa kama siku ya kwanza huku tumbo la soli likiwa limekwisha. Sokoni halionekani. Linaonekana saa mbili au tatu baada ya kuanza safari: soli inaachia kisiginoni, inabaki imeshikilia vidole tu, na chenga za povu zinamwagika njiani. Kwa hiyo bonyeza kwa kidole gumba pembeni mwa soli ya kati, karibu na kisigino. Povu zima hurudi. Lililooza hubaki na shimo, au hupasuka mistari myembamba, au huacha unga kwenye kidole, au hunata. Halafu likunje buti kwa nguvu sehemu ya vidole na utazame pale soli inapokutana na ngozi. Muuzaji mwema hatakasirika, na akikasirika umepata jibu.

Ukiwa umeshalinunua, mafundi viatu wa Kampala wana dawa. Fundi anakata povu lote lililooza kwa kisu, anasugua mpaka ngozi ibaki safi, anabandika tabaka jipya, halafu anashona kuzunguka soli yote kwa msharasi na uzi wa nailoni uliopakwa nta. Nimewatazama wakiifanya kazi hiyo barabarani, buti limebanwa kati ya magoti, uzi unaingia na kutoka bila fundi kuutazama, na sijui kiwanda gani kinashona kwa uangalifu ule. Mwambie tu asikuwekee mpira wa tairi. Unadumu, hakika, lakini unakurudisha kwenye tani saba. Aweke povu la EVA, lile lile linalotumika kwenye mabuti mengi mepesi. EVA haiozi kwa unyevu. Kasoro yake ni kwamba inalala kadiri unavyoikanyaga, hadi siku moja unahisi kila jiwe.

Sasa maji. Hili ndilo jambo linalouza viatu kuliko yote na ndilo linalowapotosha watu wa nchi za joto kuliko yote. Mwaka 1969 Bob Gore aligundua namna ya kuvuta plastiki ya PTFE mpaka ikawa utando wenye vitundu vidogo mno, maji yasipite lakini mvuke upite, na tangu mwaka 1976 Gore-Tex imekuwa sokoni. Ni kazi ya akili kubwa. Lakini mvuke hausukumwi na jina la kampuni. Hutoka penye unyevu mwingi kwenda penye unyevu mdogo. Kwenye Alpi, ndani ya buti kuna jasho na joto, nje kuna baridi kavu, mvuke unapata pa kwenda. Nenda Mabira saa nane mchana baada ya mvua, msitu ule wa kilomita za mraba 300 hivi kwenye barabara ya Jinja, uliowafanya watu wa Kampala waingie barabarani Aprili 2007 kupinga sehemu yake kugawiwa kwa kilimo cha miwa. Hewa imejaa maji. Nje na ndani ya buti hakuna tofauti kubwa, na jasho jingi linabaki palepale lilipo. Tena maji ya msituni kwa kawaida hayapenyi ngozi ya kiatu. Yanaingia juu, kupitia shingoni, unapokanyaga kijito au majani marefu yanapokukamulia umande ndani ya soksi. Yakishaingia, utando uliowekwa kuyazuia unayazuia kutoka.

Jeshi la Marekani lililijua hili Vietnam. Buti lao la msituni lilikuwa na turubai ya nailoni juu badala ya ngozi, na ubavuni, chini karibu na unyayo, matundu mawili yenye wavu wa chuma. Maji yakiingia, kila hatua inayasukuma nje. Waliolibuni walikubali kwamba mguu utalowa, wakashughulikia swali lililobaki, la muda gani utakaa umelowa. Mguu uliolowa saa nzima ukakauka si mgonjwa. Mguu unaochemka ndani ya jasho siku tatu ngozi yake inageuka nyeupe, inalainika, inachubuka kwa tabaka. Kwa hiyo nikiulizwa kama buti la msitu wa Mabira au wa Bwindi lizuie maji, jibu langu ni hapana. Likauke upesi. Liwe na bitana nyembamba au lisiwe nayo kabisa, na ukiliacha limelowa jioni kwenye baraza, asubuhi uweze kulivaa bila kununa. Anayepanda Rwenzori hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, atahitaji viatu vingine kwa ajili ya barafu, na huko utando una kazi yake. Huko si nchi ya joto tena.

Kuna swali la shingo. Watu wengi huamini kwamba buti refu huzuia kifundo cha mguu kuteguka. Mwaka 1993 Barrett na wenzake walichapisha jaribio lililowahusisha wachezaji 622 wa mpira wa kikapu wa chuo, waliogawiwa kwa bahati nasibu viatu virefu na vifupi, na kutegukwa kwao hakukutofautiana. Uwanja wa kikapu si mteremko wa Kigezi, ni kweli. Lakini tazama ushahidi wa hapa hapa. Venkataraman, Kraft na Dominy waliwapima Batwa wa Uganda, watu wa msituni wanaopanda miti kufuata asali, na kulinganisha na jirani zao Bakiga ambao ni wakulima. Mtwa akipanda mti hukunja kifundo, mguu ukaelekea kwenye muundi, kwa nyuzi 45 na zaidi, pembe ambayo wengi wetu ingetuvunja. Misuli ya shavu la mguu wake ina nyuzi ndefu zaidi. Kifundo chake kilijengwa na matumizi. Batwa waliondolewa Bwindi mwaka 1991 msitu ulipofanywa hifadhi ya taifa, na ni jambo la kusikitisha kwamba mwili uliojua kuutembea msitu ule kuliko mwili wowote sasa unasimama nje ya mpaka wake. Nilichojifunza mimi kwao kuhusu viatu ni kwamba kifundo kinahitaji nafasi. Buti likikifunga kabisa, mzunguko uliozuiwa hapo utatafutwa na goti.

Bado napenda shingo ya wastani, inayofunika kifundo bila kukibana, na sababu yangu ni ngozi. Siafu hupanda kiatu kifupi kabla hujajua umewakanyaga. Upupu unawasha. Kupe wanangoja kwenye nyasi. Na nyoka: Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na sehemu inayoumwa zaidi ni wayo na mguu wa chini. Kifutu hakimbii ukimkaribia. Hulala, akitegemea rangi yake. Ngozi nyembamba na suruali pana iliyotumbukizwa ndani ya soksi haviahidi usalama, ila vinapunguza. Tazama pia ulimi wa buti. Ukiwa umeshonwa pembeni mpaka juu, mchanga, mbegu na siafu havipati mlango.

Ardhi nayo ina madai yake, na hakuna buti linaloyatimiza yote. Nzohe, swala wa kinamasi anayeishi kwenye mafunjo pembezoni mwa Ziwa Viktoria, ana kwato ndefu zinazotanuka zinazombeba juu ya mimea inayoelea. Mlete nchi kavu uone anavyotembea kwa taabu. Sisi tunaweza kubadilisha kwato. Uwindaji wa michezo, uliopigwa marufuku Uganda mwaka 1979, ulirudishwa kwa majaribio mwaka 2001 kwenye ardhi za wafugaji zinazozunguka Hifadhi ya Ziwa Mburo, na kule mwindaji, kama ilivyo kwa mtalii anayetembea kwa miguu akiongozwa na askari wa wanyamapori, yuko kwenye nchi ya migunga, nyasi kavu na mawe madogo. Mwiba wa mgunga unapenya povu la kiatu cha mbio mpaka kwenye mguu. Juu ya kiatu, wavu mwepesi unaoonekana mzuri dukani hujaa kishona nguo na ncha za nyasi baada ya nusu saa. Nailoni ngumu inakwaruza majani, na swala pala husikia. Ngozi ya swedi, nyembamba, isiyo na bitana, ndiyo inayopita kimya, na chini yake mpira mgumu mwembamba, wenye meno mafupi.

Mwindaji anahitaji pia kusikia kwa mguu. Kijiti kikavu kinavunjika kwa sababu aliyekikanyaga hakukihisi kabla hajaweka uzito. Holowka, Lieberman na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, waliwapima Wakenya wanaotembea pekupeku na wanaovaa viatu, wakakuta kwamba sugu nene ya wayo humlinda mtu bila kumpunguzia hisia. Sugu ni ngumu, hivyo hupeleka habari ya ardhi juu kwenye neva. Nikichagua soli natafuta kitu cha namna hiyo, kigumu dhidi ya mwiba na chembamba kiasi cha kunipa habari. Ninapokunja buti dukani na likakataa kukunjika penye vidole, narudisha mezani.

Kwenye udongo wa mfinyanzi wa Kabale au wa Mbale wakati wa mvua za Machi hadi Mei, kinachotawala ni meno ya soli. Vitale Bramani, Mwitaliano, alibuni soli yake ya mpira yenye meno mazito baada ya wenzake sita kufa mlimani mwaka 1935, na tangu hapo dunia imeiga. Soli ile ilibuniwa kwa ajili ya mwamba. Kwenye matope mekundu meno yaliyobanana hujaa mara moja, na hatua ya kumi unatembea juu ya keki ya udongo yenye uzito wa buti la pili. Meno yawe makubwa, yaachane, udongo udondoke wenyewe unapoinua mguu.

Niliahidi kurudi kwenye umaskini. Mtu anaweza kunisoma mpaka hapa akadhani nasifu mguu mtupu. Wilayani Kamwenge, magharibi mwa Uganda, kulikuwa na watu ambao miguu yao ilivimba mwaka hadi mwaka, wengine tangu miaka ya 1980, na ikadhaniwa ni matende yaletwayo na mbu. Wachunguzi walipofika mwaka 2015 hawakukuta vijidudu vya matende. Ilikuwa podokoniosisi, ugonjwa ambao daktari Mwingereza Ernest Price aliuchunguza Ethiopia kuanzia miaka ya 1970 na baadaye akaupa jina hilo: chembe za madini kutoka udongo wa volkano hupenya ngozi ya mguu wa mtu alimaye na kutembea pekupeku, zikauwasha mfumo wa limfu, mguu ukavimba na kuwa mgumu. Dawa ya kuuzuia ni maji, sabuni na kiatu. Fikiria mkulima aliyeubeba mguu ule miaka 30 akihesabiwa kuwa amelogwa au amelaaniwa, ilhali kilichokosekana ni jozi moja ya viatu anavyoweza kufanyia kazi. Anavyoweza kufanyia kazi, nasisitiza. Kiatu kizito na cha moto huvuliwa ukingoni mwa shamba, na mguu unarudi kwenye udongo. Kwa mkulima huyu wepesi una maana ya kiafya, kwa sababu kiatu chepesi ndicho kinachobaki mguuni mpaka jioni.

Na wale wanaotembea kwa kazi je? Nenda Bwindi siku yoyote. Mgeni amelipia kibali cha gorila dola 800, amevaa mabuti ya bei kubwa, anashikwa mkono kwenye mteremko na mpagazi aliyevaa gambuti. Gambuti zina sifa zake: haziingizi matope, siafu wanateleza, zinaoshwa kwa ndoo moja, na bei yake inafikika. Kwenye matope ya Rwenzori hata wapanda milima wa mbali huzivaa. Lakini jozi ni kilo mbili hivi, kisigino kinacheza ndani, jasho halina pa kutokea, na soli ikishalika inateleza kwenye mizizi. Mgeni atatembea njia ile mara moja maishani. Mpagazi ataitembea kesho tena, na kesho kutwa, na mkoba wa mtu mgongoni. Hesabu ya tani saba kwake ni ya kila siku. Mpangilio huu naona umepinduka, buti jepesi kwa anayetembea kidogo na zito kwa anayetembea sana, na sidhani kuna swali la viatu Uganda lenye uzito kuliko hili.

Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza Mbale kwamba anataka nguo za mitumba zikome kuingia nchini, na mjadala ukawaka Owino nzima. Sitauingia hapa. Ila najua kwamba mitumba ikikoma kesho, ngozi tunayo, mafundi tunao, na bado hakuna aliyekaa chini kulichora buti la ardhi hii.

Anayenunua leo aende mchana, mguu ukiwa umevimba kwa joto kama utakavyovimba safarini. Avae soksi atakayotembea nayo, ya sufu nyembamba ikipatikana, kwa kuwa pamba hushika jasho na kulea malengelenge. Aache nafasi ya kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Wengi wetu tuliokua pekupeku tuna mguu mpana mbele, na mabuti ya Ulaya hubana hapo. Kuongeza namba kunarefusha kiatu bila kukipanua vya kutosha, bora kutafuta kilichochongwa kwa upana. Akishanunua apande nacho hadi kanisa kuu la Namirembe na kushuka, siku kadhaa kabla ya safari. Kushuka ndiko kunakoonyesha kama vidole vinagonga.

Nami ningepata fundi mwenye muda na kiwanda chenye ngozi nyepesi, ningemwomba hivi: swedi nyembamba bila bitana, shingo ya wastani, ulimi ulioshonwa mpaka juu, matundu mawili ya maji ubavuni, mbele pana, soli ya EVA iliyoshonwa kwa uzi, mpira mgumu chini wenye meno yaliyoachana, gramu 450 au pungufu kwa kila mguu, na bei isiyozidi sana ile ya gambuti. Jozi za kwanza zipelekwe Buhoma na Nkuringo, kulekule Bwindi, wapagazi wazivae msimu mzima wa mvua na waseme wapi panabana na wapi panaachia, kabla ya moja kuwekwa dukani Kampala.